Kuingia intaneti kwa Linux: Mazungumzo ni matatu

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Msomaji mpendwa, iwapo una kijana nyumbani aliyepewa kompyuta kuukuu akaitia Linux kwa kuwa haina malipo, bila shaka umemwona akiinama. Kompyuta inawaka vizuri na inaandika barua bila taabu, lakini intaneti haishiki. Siku ya tatu kijana anaanza kukushawishi ununue kompyuta mpya. Kabla hujatia mkono mfukoni, kaa naye msome makala haya pamoja.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kwa miaka mingi baadaye, waliokuwa nayo majumbani waliingia katika intaneti kwa kupiga simu. Hapa kwetu pia ndivyo ilivyokuwa huduma hiyo ilipofika katikati ya miaka ya tisini. Modemu ilichomekwa kwenye waya wa simu ya mezani, ikalia kwa mikwaruzo, na muda wote huo hakuna mtu nyumbani aliyeweza kupiga simu wala kupigiwa. Modemu ya kilobiti 33.6 kwa sekunde ilihitaji zaidi ya dakika nne kuleta faili ya megabaiti 1, na saa ya malipo ilikuwa ikihesabu. Bandu bandu huisha gogo.

Njia hiyo ya simu ya mezani imepitwa na wakati. Hata kule Marekani, kampuni ya AOL ilifunga huduma yake ya aina hiyo Septemba 30, 2025. Hata hivyo, maarifa yake hayakuzikwa. Modemu nyingi za USB za 3G, zile ndogo zinazotiwa laini ya simu ya mkononi, hupiga simu vivyo hivyo, na Linux huziendesha kwa programu ileile ya zamani iitwayo pppd.

Jambo la kushika ni hili: kuunganishwa na intaneti ni mazungumzo matatu yanayofuatana. Anayejua ni yapi yaliyokwama hutibu hapo hapo. Asiyejua hubadilisha kila kitu kwa mpigo mmoja, mwishowe akaharibu hata kilichokuwa kizima.

Mazungumzo ya kwanza ni kati ya kompyuta na modemu. Hapa ndipo wengi walipokwama zamani. Modemu nyingi za ndani zilizouzwa mwishoni mwa miaka ya tisini zilikuwa nusu modemu tu, kwa maana kazi kubwa iliachiwa programu ya Windows. Zilipotiwa katika Linux zikawa bubu. Ndiyo sababu wajuzi walishauri modemu ya nje, ile ya kuchomekwa kwenye tundu la pini 9 nyuma ya kompyuta.

Tundu ambalo Windows huliita COM1, Linux huliita /dev/ttyS0, na COM2 ni /dev/ttyS1. Modemu ya USB huonekana kama /dev/ttyUSB0, na mara nyingi huja na matundu kadhaa, hivyo moja lisipojibu jaribu la pili. Ikionekana kama diski ya CD badala ya modemu, programu iitwayo usb_modeswitch huibadilisha. Sasa fungua minicom, chagua tundu, andika AT, kisha bonyeza Enter. Modemu ikijibu OK, mazungumzo ya kwanza yamekamilika. Ukikatazwa kulifungua tundu lenyewe, huenda jina lako halimo katika kundi la watumiaji linaloruhusiwa. Katika Debian na Ubuntu kundi hilo huitwa dialout.

Mazungumzo ya pili ni kati ya modemu na kampuni ya simu. Amri ATDT ikifuatwa na nambari huifanya modemu ipige. Soma jibu lake kwa makini. NO DIALTONE maana yake waya wa simu hauna mlio. BUSY ni kwamba nambari inatumika. NO CARRIER ni kwamba modemu ya upande wa pili haikusikika au simu imekatika. CONNECT ndilo jibu unalolitafuta.

Kwa modemu ya USB, nambari ya kupiga kwa kawaida ni *99#, lakini kwanza uitajie jina la lango la kampuni yako, liitwalo APN. Waulize wahudumu wa kampuni hiyo, usibahatishe. Kisha andika AT+CPIN? na uangalie jibu. Likiwa READY, endelea. Likiwa SIM PIN, laini imefungwa na inasubiri nambari yake ya siri.

Mazungumzo ya tatu ni kati ya kompyuta yako na kompyuta ya kampuni. Haya ndiyo kazi ya pppd. Hupeleka jina lako na neno lako la siri, ambayo mara nyingi huandikwa katika faili /etc/ppp/pap-secrets, kisha hupewa anwani ya kutumia. Hakikisha maagizo ya pppd yana neno defaultroute, la sivyo kompyuta haitajua ipitie wapi kutoka nje.

Ukishaunganishwa, andika ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya mashine za Google. Ikijibu, njia ipo. Ikiwa nambari hiyo inajibu lakini majina ya tovuti hayafunguki, usiguse modemu wala neno la siri. Kasoro iko katika faili /etc/resolv.conf, inayoieleza kompyuta mahali pa kuuliza majina. Ongeza mstari nameserver 8.8.8.8, ujaribu tena.

Matoleo mengi ya Linux ya siku hizi yana programu ya NetworkManager, inayoweza kufanya yote haya kwa kubonyeza mara chache. Hilo ni jema. Lakini siku itakaposema tu kwamba imeshindwa, utarudi kwenye mazungumzo haya matatu.

Mambo mawili ya mwisho kwa wazazi. Kwanza, hakikisheni minicom na pppd zimo ndani ya kompyuta mapema. Kama hazimo, kijana azilete kwa flashi kutoka kwa rafiki au maktaba, kwani hawezi kutumia intaneti asiyokuwa nayo kuleta programu za kuipata. Pili, zimeni usasishaji wa moja kwa moja. Linux inaweza kuanza kuleta mamia ya megabaiti kimyakimya, na data mliyonunua kwa wiki nzima ikaisha kabla ya chajio.

Na wewe mwanafunzi, chukua daftari. Andika kila amri uliyotoa na jibu ulilopewa. Modemu yako ikifika OK na CONNECT, si kompyuta mpya unayohitaji, ni mistari miwili au mitatu katika faili. Mwonyeshe mzazi daftari hilo kabla ya kumwomba pesa.