Gari yako inasimama juu ya nini?



Mwezi huu tutazungumza juu ya magurudumu ya gari. Usigeuze ukurasa, mama, hata wewe inakuhusu, kwa sababu wewe ndiye unayepanda ndani pamoja na watoto. Siku hizi katika miji yetu ya migodi, kijana akipata kazi, kitu anachotafuta mapema ni gari ndogo ya Japani, Vitz ao IST, ile ya volani upande wa kuume. Hilo si baya. Lakini gari ikiisha kufika, mara mingi anaanza kuipamba kabla ya kuichunguza.

Kijana mmoja wa kwetu alinijia jioni moja. Alikuwa amechunga feza ya miezi sita. Akaniambia: "Baba Pasta, nimepata janti za 17, zinang'aa kabisa. Na fundi mmoja atanikatia resori, gari ishuke chini kidogo. Nataka kwenda nayo kwa ndoa ya dada, kule Kolwezi. Unaonaje?"

Nikamuuliza: "Nani watapanda ndani?"

"Mama, na nkambo, na watoto wawili wa dada."

Nikanyamaza kidogo. Kisha nikamwambia: "Mwana, keti. Kabla ya kuuliza gari itaonekana namna gani, tuulize kwanza inasimama juu ya nini."

Nawe msomaji, umekwisha kuwaza jambo hilo? Gari nzima, pamoja na watu na mizigo, inagusa barabara mahali pane tu, na kila mahali panakaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Freni, volani, hata motere yenye nguvu, vyote vinafanya kazi kupitia viganja vile vine. Ndiyo sababu feza ya kwanza inapaswa kwenda pale.

Soma ubavu wa mpira

Kwenye ubavu wa mpira kuna maandishi. Tuseme yako ni 175/65 R14 82T, kipimo kinachoonekana kwenye gari ndogo nyingi. 175 ni upana wa mpira kwa milimita. 65 inamaanisha kwamba urefu wa ubavu ni sehemu 65 kwa mia za upana ule, ni kusema karibu milimita 114. 14 ni ukubwa wa janti kwa inchi. 82 ni alama ya uzito: mpira mmoja unaweza kubeba kilo 475. T ni alama ya mwendo, isipite kilometa 190 kwa saa. (Kijana, hiyo si ruhusa ya kujaribu!)

Tafuta pia namba nne za mwisho katika maandishi yanayoanza na herufi DOT. Ukiona 2314, mpira ule ulitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2014. Jambo hili ni la lazima kwetu, kwa sababu tunanunua mipira mingi ya okazio. Mpira unaweza kuwa na meno mazuri bado, lakini umezeeka, umekauka, una nyufa ndogo ubavuni. Muuzaji ameupaka rangi nyeusi, unang'aa kama mpya. Wachimbaji wetu wanajua: jiwe linaweza kuwa la kijani kizuri na bado teneri yake ni kidogo. Hawalipi kwa rangi, wanapima kwanza. Basi na wewe soma namba kabla ya kutoa makuta.

Janti kubwa inakula ubavu

Kijana aliniuliza: "Sasa janti kubwa ina ubaya gani?" Tukachukua karatasi, tukapiga hesabu.

Gurudumu la 175/65 R14 lina urefu wa milimita 583 kutoka juu mpaka chini. Ukitaka janti ya 15, mpira wa 185/55 unakupa 584 au 585, karibu sawasawa. Ukitaka 16, mpira wa 195/45 unakupa 582. Gari haitajua tofauti, na konteri itasema mwendo wa kweli. Lakini angalia ubavu: ulikuwa milimita 114, ukafika 102, sasa ni 88. Kwa janti ya 17 unashuka zaidi, karibu 80. Na ubavu ndio mto wa gari. Ukiingia katika shimo, ule mto ndio unaopokea pigo. Mto ukiwa mwembamba, pigo linaingia katika janti, inapinda ao kupasuka. Kisha linaingia katika rotile, katika amortisa, na katika mgongo wa nkambo.

Katika nchi za barabara laini, mpira mwembamba unasaidia gari kugeuka vizuri bila kuyumba. Hiyo ni kweli, siwezi kuificha. Lakini kwetu, wakati wa mvua, shimo limejaa maji na haujui kina chake. Kwa gari ndogo inayozunguka huku, mimi nasema 14 inatosha, na 15 ndiyo mwisho.

Wengine wanafanya kosa lingine: wanatia mpira wowote unaoingia. Ukitia 195/65 R15 mahali pa ule wa kwanza, gurudumu linaongezeka sentimita 5. Konteri inasema 80, na wewe unaenda 87. Ukigeuza volani yote, mpira unasugua pembeni. Na motere ndogo inachoka.

Janti ikae kwa kipimo chake

Hapa naungama kosa langu mwenyewe. Mwaka 2011, gari yangu ya kwanza, nilinunua sokoni janti nne za alumini za okazio. Zilikuwa na matundu manne, na gari yangu ilikuwa na bulo nne. Nikasema, inatosha. Tulitoka Likasi kurudi Lubumbashi, mimi, mke wangu na mtoto wetu. Katikati ya njia mke wangu akasema: "Baba, hii gari iko inalia." Nikamjibu: "Ni barabara." Tukaendelea. Akasema tena: "Baba, simamisha." Nikasimamisha kwa hasira, kusudi nimwonyeshe kwamba hakuna kitu. Nikagusa ekru za gurudumu la mbele. Moja haikuwa tena. Mbili zilizunguka kwa vidole. Gurudumu lilikuwa limeshikwa na ekru moja tu, na nyuma yetu maroli yalikuwa yanashuka na mizigo ya shaba. Nilikaa chini pale kando ya barabara. Mke wangu hakusema neno, na mpaka leo hajanikumbusha.

Kosa lilikuwa wapi? Nilikuwa sikuuliza mambo manne.

Kwanza, umbali wa matundu. Kwenye Vitz ni bulo 4 katika duara ya milimita 100. Janti ya 4 kwa 108 inafanana kwa macho, lakini haikai vizuri.

Pili, tundu la katikati. Kwenye Vitz ni milimita 54,1. Janti nyingi za okazio zina tundu kubwa zaidi, basi inahitajika pete ya kujaza nafasi ile. Bila pete, janti inaweza kukaa pembeni kidogo, na volani inatetemeka.

Tatu, namba ya ET iliyoandikwa kwenye janti. Inaonyesha gurudumu litaingia ndani ao litatoka nje kwa milimita ngapi. Likitoka nje sana, mzigo unalemea rulema, na mpira unasugua.

Nne, ekru zenyewe. Ekru za janti ya chuma zina mdomo mchongoko. Janti nyingi za alumini za Toyota zinataka ekru ya mdomo mpana, wenye rondele. Ukichanganya, hazishiki. Kaza kwa kuvuka, hii na ile ya upande mwingine, na ukiisha kutembea kilometa 50 mpaka 100, kaza tena. Hilo ndilo nililolisahau.

Resori na amortisa

Watu wengi wanafikiri ni kitu kimoja. Resori inabeba uzito wa gari. Amortisa inatuliza resori isirukeruke. Amortisa ikifa, gurudumu linaruka juu ya barabara, na gurudumu lililo hewani haliwezi kushika freni. Jaribu leo: sukuma kona ya gari chini kwa nguvu, kisha uachilie. Ikipanda na kutulia, ni vizuri. Ikicheza mara mbili, mara tatu, amortisa imechoka. Angalia pia kama inavuja mafuta. Na ukibadilisha, badilisha mbili pamoja, za mbele zote ao za nyuma zote, kamwe si upande mmoja.

Sasa juu ya kukata resori, nakuomba sana: usikubali. Resori iliyokatwa inakuwa ngumu, na mwisho wake haukai tena katika kiti chake. Gurudumu likining'inia katika shimo, inaweza kutoka mahali pake. Wengine wanaipasha moto ili ishuke. Chuma kile kinapoteza nguvu yake. Tena gari ya chini, kwenye dodani zetu, inagonga karteri. Mafuta yanatoka, na motere inakufa. Kuna resori fupi zilizotengenezwa kiwandani pamoja na amortisa zake, hizo ni kitu kingine, lakini zilifanywa kwa barabara nyingine.

Na wanaotaka kuinua gari kwa kutia vipande juu ya resori, wajue kwamba pembe za rotile na za kardani zinabadilika, na gari inayumba zaidi kwenye kona. Kama gari imeshuka kwa uzee, dawa yake ni resori mpya za kipimo chake.

Feza yako iende hivi

Kwanza rotile na silanbloki zilizolegea. Pili amortisa. Tatu mipira minne mizuri, ya kipimo kimoja, na upepo kama ilivyoandikwa kwenye mlango wa dereva. Nne ekilibraji na paralelismu. Tano, kama makuta yangali yanabaki, janti nzuri. Usianze na tano.

Yule kijana hakufurahi siku ile. Aliondoka bila kumaliza chai. Lakini alinunua amortisa na mipira, akaacha janti zake za chuma za 14, akazipaka rangi mwenyewe. Rafiki zake walimcheka kwenye ndoa. Mama yake ndiye aliyenipasha habari: karibu na Kolwezi roli lilisimama ghafula mbele yao, mvua ikinyesha. Mwana akakanyaga freni, gari ikasimama, ikibaki nafasi ya mtu mmoja kupita. Na nkambo? Alikuwa amelala usingizi, hakuamka.

Basi, ndugu msomaji, jioni ya leo toka nje, uiname kando ya gari yako, ao ya baba yako, ao hata taksi unayopanda kila siku, usome ubavu wa mpira. Na mke wako akikuambia gari inalia, simamisha.

Tuonane mwezi ujao.