Risala ya Wakazi wa Kitengela Kuhusu Maji na Majitaka

Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti ya Kajiado,

Sisi wapangaji na wenye nyumba wa Kitengela tunakuja mbele yenu kwa haki tuliyopewa na ibara ya 37 ya Katiba. Sensa ya 2019 ilituhesabu zaidi ya watu 150,000, lakini mitaa yetu mingi haina bomba la majitaka. Kila ploti ina shimo lake, na kila mwenye shimo anajijua mwenyewe.

Maji tunayanunua yakiingia, tunayalipia tena yakitoka. Bomba la Nolturesh, linaloanzia chini ya Kilimanjaro, linahudumia miji mingi na halitutoshi, ndipo tunategemea maboza, mikokoteni na visima. Maji ya visima vingi yana chumvi na floridi inayowatia watoto meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwenye kununua mtungi wa lita 20 atapimia wapi?

Lakini kinachotukera zaidi ni yale yanayotoka. Udongo wetu mweusi hupasuka kiangazi. Mvua ikinyesha hufura na kukataa kunyonya. Fundi anayeiga shimo la udongo mwekundu wa Kiambu anamjengea mteja wake bwawa la kinyesi. Tena ploti ya futi hamsini kwa mia iliyokuwa na nyumba moja sasa ina ghorofa, na shimo ni lile lile. Likijaa, wako wenye nyumba wanaongoja mvua ya usiku wafungulie mtaroni. Hao ni majirani zetu, nasi hatuwatetei. Hatari yake tunaijua: mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 uliifikia Kajiado pia.

Wenye kuita eksosta, yaani gari la kunyonya majitaka, nao hawana uhakika. Bei hupangwa langoni kwa kutazamana usoni, na gari likishaondoka hatujui linamwaga wapi. Mto wetu huingia Athi, na Athi ndiyo Galana na Sabaki hadi baharini Malindi. Walio chini wanayanywa hayo.

Ibara ya 43 ya Katiba inatupa haki ya maji safi ya kutosha na ya usafi wa mazingira ya kuishi. Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti huduma hizo. Kwa hiyo tunadai kwanza kabisa mahali halali pa kumwaga majitaka, karibu na mji, penye mitambo ya kuyasafisha. Bila mahali hapo, kumkamata dereva ni kupoteza muda. Kila eksosta iwe na kibali na namba inayoonekana, na bei itangazwe. Mchoro wa ghorofa usipitishwe kabla ya udongo kupimwa na ukubwa wa tangi kulingana na idadi ya wapangaji. Visima vinavyouza maji vipimwe, majibu yabandikwe penye bomba. Mabomba ya majitaka yaanzie mitaa yenye ghorofa nyingi, si mitaa yenye lami nzuri.

Kwa upande wetu, tutaita eksosta zinyonye matangi kabla hayajafurika, na nepi na mafuta ya kupikia hatutayatupa chooni.

Sehemu ya 89 ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawataka wenye mamlaka kujibu malalamiko ya wananchi bila kukawia. Tunaomba jibu hilo kwa maandishi, lenye tarehe na bajeti, kabla mvua za masika hazijaanza.