Tuulize Alisomaje, Si Alizaliwa Lini

Makala nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zilianza kwa namna moja. Wanafunzi wa kozi za mtandaoni wamegawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa, kila fungu limepewa jina lililobuniwa Marekani, na kila jina limebebeshwa tabia zake: hawa wanapenda barua pepe, wale wanataka video fupi, wengine hawasomi kinachozidi aya moja. Mwalimu anashauriwa abadili sauti kwa kila fungu. Baadhi ya makala hizo tumezirudisha kwa waandishi, nyingine tumezichapa baada ya mabishano marefu. Wasomaji wana haki ya kujua tulibishania nini.

Mipaka ya mgawanyo huo si yetu. Kizazi kinachohesabiwa kuanzia 1946 hadi 1964 kilipata jina kwa wingi wa watoto waliozaliwa Marekani baada ya vita, na historia hiyo haitwambii lolote kuhusu mtu aliyezaliwa Songea mwaka 1962. Karl Mannheim alishaeleza mwaka 1928 kwamba watu hawawi kizazi kimoja kwa sababu tu wamezaliwa miaka inayokaribiana. Huwa kizazi pale wanapopitia pamoja mambo yanayowaunda wangali vijana. Kwa wanafunzi wetu, jambo kubwa la namna hiyo ni shule yenyewe.

Aliyeanza darasa la kwanza Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 alianza na UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote wa rika la shule wawe darasani ifikapo 1977, na ili kuwapata walimu, vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakiwa kazini. Vitabu vilikuwa haba. Somo lilikuwa ubaoni, likanakiliwa daftarini neno kwa neno, na daftari ndilo lililokuwa kitabu. Leo mtu huyo ana miaka hamsini na kitu. Ni mwalimu, muuguzi au mtendaji wa kata, na anasoma shahada kwa simu baada ya kazi. Akiingia kwenye mfumo anatafuta ubao: maelezo kamili, yaliyokaa mahali pamoja, yenye mwanzo na mwisho. Akikuta neno "Jadilini" limesimama peke yake, hunyamaza. Kisha mhadhiri anahitimisha kwamba watu wazima teknolojia imewashinda.

Aliyeanza shule mwaka 2002, ada ya shule za msingi ilipokuwa imefutwa, huku Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukianza, alikaa katika darasa lililofurika. Wengi wa rika lake walikwenda sekondari za kata zilizojengwa kwa kasi kuliko walimu walivyopatikana, hasa wa hisabati na sayansi. Alijisomea kwa mitihani iliyopita na kwa maelezo ya rafiki aliyebahatika kwenda tuisheni. Kumuuliza mwalimu hakukuwa sehemu ya masomo yake, kwa kuwa mwalimu ama hakuwepo ama hakuweza kuwafikia wote. Simu anaijua vizuri, lakini ndani ya ukumbi wa majadiliano naye hunyamaza, na huyu anaitwa mvivu. Watu wawili waliopishana miaka ishirini na mitano wamenyamaza kwa kuwa hawajawahi kuona swali la mwanafunzi likijibiwa kwa utulivu hadi mwisho. Tumewapa majina mawili tofauti na kuwaandalia dawa mbili, na hakuna kati ya dawa hizo inayogusa ugonjwa.

Ng'ambo ya Namanga, nchini Kenya, mipaka ni mingine: mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, kisha elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003. Uganda walianza UPE yao 1997. Kozi yenye wanafunzi kutoka nchi hizi tatu ina vizazi vingi kuliko majina tuliyoazima.

Marc Prensky alipogawa watu kuwa wenyeji na wahamiaji wa dijitali mwaka 2001, alikuwa akizungumzia wanafunzi wa Marekani. Mwaka 2008 Sue Bennett na wenzake walipitia ushahidi uliokuwepo, wakaona kwamba madai yale yalitangulia utafiti, na kwamba vijana wenyewe wanatofautiana mno katika ujuzi na matumizi. Inasikitisha kwamba mgawanyo huo bado unafundishwa kwenye semina za wahadhiri wetu kana kwamba ni sheria ya maumbile. Kijana anayerusha video kila siku anaweza asijue kuambatisha faili la kazi yake. Mhasibu aliyekaribia kustaafu huenda amefanya kazi na majedwali ya kompyuta kwa miongo miwili. Ukimwandalia huyo mafunzo ya kushika kipanya, umemdharau.

Wala kuchanganya rika darasani si mtihani mpya uliokuja na intaneti. Azimio lile la Musoma lilitaka waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza ndipo waombe chuo kikuu, na kwa miaka kadhaa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, palisoma watu wenye ajira na familia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994, kilianza na watu wazima, vitabu vya kujisomea na vituo vya mikoani. Uzoefu wa vituo hivyo katika kuwasiliana na mwanafunzi aliye mbali ulistahili kuandikwa kabla hatujaenda kununua nadharia.

Umri una uzito wake, tena mkubwa, mahali ambapo waandishi wetu wengi hawakupatazama: heshima mbele za watu. Kundi la WhatsApp la kozi linaweza kumweka mwalimu mkuu pamoja na kijana aliyewahi kumfundisha darasa la sita. Mhadhiri wa miaka thelathini na miwili akiandika humo, "Kazi yako haina mpangilio, soma maelekezo," amemkosoa mzee mbele ya mwanafunzi wake. Mzee hatajibu, na huenda asiandike tena muhula mzima. Maneno hayohayo, yakitanguliwa na salamu na kupelekwa kwake peke yake, yangemrudisha kazini. Kijana naye anastahili staha hiyo. Nashikilia kwamba kosa la mtu huelezwa faraghani na jibu la swali hutolewa hadharani, na kanuni hiyo inafaa kila umri.

Halafu kuna saa. Tangazo linasema kazi ikusanywe "Ijumaa, 12:00 AM". Je, ni usiku wa kuamkia Ijumaa au wa kuamkia Jumamosi? Anayehesabu saa kwa Kiswahili atajiuliza hata kama ni mchana. Andika "Ijumaa tarehe 14, kabla ya saa sita usiku wa kuamkia Jumamosi" uone maswali yatakavyopungua, ya wazee na ya vijana. Hili halihitaji nadharia ya vizazi. Linahitaji mhadhiri aliyelisoma tangazo lake mwenyewe kabla ya kulituma.

Kuhusu yaliyomo: makala ya ujumbe wa sauti ni nzuri, na inakumbusha kwamba sauti ya dakika saba haiwezi kupekuliwa usiku wa kuamkia mtihani. Makala ya gharama za bando isomwe na kila anayelazimisha kamera ziwashwe. Ile ya vikaragosi nimeiruhusu kwa shingo upande. Iliyonigusa zaidi ni ya mrejesho wa kazi za wanafunzi, kwa kuwa mwandishi wake anaonyesha, mfano kwa mfano, jinsi sentensi tatu zinazotaja kilichofanyika vema, kilichokosekana na hatua inayofuata zinavyomfaa yeyote. Laiti tungekuwa na nyingine tano kama hiyo.

Idara zinazoandaa fomu za usajili za mwaka ujao nazisihi ziongeze maswali matatu: Shuleni ulisoma kwa vitabu au kwa daftari? Ulipokwama ulimuuliza nani? Saa unayosomea ni ipi, na kwa kifaa gani? Majibu yamfikie mhadhiri kabla ya wiki ya kwanza, yasiishie kwenye jalada la msajili.

Kwa toleo lijalo tunaomba mawasiliano yenyewe: matangazo, majibu ya maswali na mirejesho iliyotumwa kwa wanafunzi, majina yakiwa yameondolewa na ruhusa zikiwa zimepatikana. Tunawaalika hasa wanafunzi waliowahi kunyamaza muhula mzima. Tutachapa na maelezo yao ya sababu, hata yakiwa mafupi.