Tuzibe Nyufa Kabla ya Kufunga Kiyoyozi

Joto la Januari linapoibana Dar es Salaam, wengi hununua viyoyozi na kuvifunga katika vyumba vilivyojengwa vipitishe upepo: madirisha ya luva, uwazi chini ya mlango, dari iliyoachana na ukuta. Kwa feni, chumba hicho ni sahihi kabisa. Kwa kiyoyozi, ni hasara. Hewa ya pwani imebeba unyevu, na mashine hutumia sehemu ya nguvu zake kuugeuza kuwa yale maji yanayodondoka nje. Kila upenyo huingiza unyevu mwingine, na uniti za umeme za Luku zinayoyoma. Washa kijiti cha udi, kipitishe kandokando ya dirisha na mlango. Moshi unapoyumba, hapo panavuja. Ziba kwa silikoni, bandika mpira kwenye fremu, weka brashi chini ya mlango, na luva zipishe dirisha linalofunga barabara. Ila chumba kilichozibwa kisiingizwe kamwe jiko la mkaa: gesi yake ya sumu haina harufu, na inaua. Mafundi, anzeni na nyufa. Wenye nyumba, gharama hiyo ni yenu, msimtwishe mpangaji.