Alama za Vidole Hazipimi Dawa

Robert Courtney alikuwa mfamasia mwenye duka lake Kansas City, Missouri, mtu wa kanisa, asiye na hukumu yoyote ya jinai. Mwaka 2001 alikamatwa kwa kuzimua dawa za saratani. Ilikadiriwa kuwa wagonjwa wapatao 4,200 waliathirika, na Desemba 2002 akahukumiwa kifungo cha miaka 30.

Ukaguzi wa rekodi za uhalifu usingemnasa.

Leo majimbo mengi ya Marekani humtaka mwombaji wa leseni ya ufamasia atoe alama za vidole zilinganishwe na kumbukumbu za FBI. Sababu yake ina uzito. Mfamasia ndiye mwenye ufunguo wa kabati la morfini na oksikodoni, na nchi iliyozika maelfu kwa maelfu ya watu kwa dawa za jamii hiyo ina haki ya kuuliza ni nani anayekabidhiwa. Kanuni za shirikisho nazo humzuia mwenye duka kumweka karibu na dawa hizo mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa linalozihusu, labda apate ruhusa maalumu.

Lakini kumbukumbu zenyewe zina mapengo. Mwaka 2013, shirika la kutetea wafanyakazi la National Employment Law Project lilikadiria kuwa karibu nusu ya kumbukumbu za FBI hazionyeshi kesi iliishaje. Mtu alikamatwa, akashtakiwa, akaachiwa huru. Kwenye faili kumebaki kukamatwa tu. Mwombaji wa namna hiyo ndiye anayezunguka mahakamani kutafuta karatasi huku leseni yake ikikwama. Huo ni uonevu, na haumlindi mgonjwa hata mmoja. Aliyeghushi cheti cha dawa aligusa kazi yenyewe, na baraza la ufamasia lina kila sababu ya kumkatalia. Aliyepigana baa akiwa na miaka 19, kisha akaishi vizuri miaka kumi, anastahili leseni.

Courtney alinaswa kwa hesabu. Ofisa mauzo wa kampuni ya dawa ya Eli Lilly aligundua kuwa dawa ya saratani ya Gemzar iliyouzwa kwa daktari mmoja ilizidi ile ambayo duka lilikuwa limenunua. Daktari huyo akapeleka sampuli maabara, ikakutwa na dawa pungufu mno.

Kazi hiyo aliifanya ofisa mauzo, kwa bahati. Mabaraza ya ufamasia yangepaswa kuifanya kwa ratiba: kulinganisha ankara za manunuzi na dawa zilizotoka, na kupima sampuli bila taarifa, hata kwenye duka la mtu anayeheshimiwa na mji mzima.