Njia ya Baiskeli Kando ya Mfereji

Mwenye baiskeli katika Kenya ni mtu wa kuvumilia. Barabara kuu ni za motokaa na malori. Yeye hupewa ukingo wenye vumbi, na mara nyingi hata ukingo huo matatu humnyang'anya. Apigiwapo honi hana budi kushuka mtaroni, na akisalimika humshukuru Mungu na kuendelea na safari yake. Hata hivyo ziko njia ambazo mtu aweza kwenda saa nzima bila kuonana na lori hata moja. Baadhi yake ziko katika tambarare ya Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, mwendo wa kilometa 100 hivi kutoka Nairobi.

Barabara itokayo Makutano kwenda Embu hupita katikati ya mji wa Wang'uru, nayo haina utulivu kuliko barabara nyingine. Lakini mtu akiiacha na kuufuata mfereji, makelele yote hubaki nyuma. Upande mmoja ni maji, upande wa pili ni majaruba ya mpunga, na asubuhi isiyo na mawingu Mlima Kenya huonekana wazi. Atakaokutana nao ni akina mama waendao kupandikiza miche, mkokoteni wa punda, watoto wa shule, na pikipiki moja moja. Yangeyange hutembea katika tope nyuma ya ng'ombe walimao, wala hawaruki kwa ajili ya mlio wa kengele.

Jambo limshangazalo mgeni ni kwamba miguu haichoki. Sababu yake yafaa kujulikana. Maji ya Mwea hutoka katika mito ya Nyamindi na Thiba, nayo huletwa mashambani kwa nguvu ya mteremko tu, pasipo mashine ya kuyavuta. Kwa hiyo waliopima mifereji walitafuta mteremko mdogo sana. Mteremko ukizidi, maji hukimbia na kula kingo. Ukipungua, maji hulegea na kuacha tope chini mpaka mfereji ukajaa. Njia ya baiskeli iko juu ya ukingo, basi nayo imerithi kipimo kile kile. Maji hayapandi mlima, na mtu ayafuataye naye hapandi.

Lakini kingo hizo hazikufanywa kwa ajili ya wapanda baiskeli. Kazi ya kuchimba ilianza katikati ya miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na waliochimba mifereji ya kwanza walikuwa mahabusu wa kambi za Mwea, watu waliowekwa kizuizini pasipo kuhukumiwa na mahakama. Walihamisha udongo ule mzito kwa mikono yao, chini ya ulinzi. Apitaye leo kwa raha hupita juu ya jasho la watu hao.

Husimuliwa habari za karani mmoja wa Wang'uru aliyekuwa akienda kila Jumamosi kumtazama dada yake katika kijiji kimoja cha wakulima wa mpunga. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, alifika mahali ambapo ukingo ulikuwa umelainika. Hakutaka kuzunguka. Akakaza miguu apite upesi, na papo hapo mzee mmoja mwenye jembe akasimama mbele yake.

"Shuka kidogo, mwanangu," akasema mzee.

"Shikamoo, mzee. Niwie radhi, nimechelewa. Je, hii si njia ya watu wote?"

"Marahaba. Ni njia ya wote kukiwa kukavu. Kukiwa na tope, huu ni ukuta. Tazama."

Akamwonyesha mfuo uliochorwa na gurudumu la pikipiki ya jana yake. Maji ya mfereji yalikwisha kuingia ndani ya mfuo huo, nayo yalikuwa yakichuruzika kwa upande wa pili, membamba kama uzi.

"Shamba langu ni la mwisho katika mfereji huu," mzee akaendelea. "Zamu yangu ya maji ni kesho. Uzi huu ukiwa kamba usiku wa leo, maji yatakwenda bondeni bure, na zamu itanipita. Mpunga hausubiri. Baba yangu alikuwa miongoni mwa wale waliochimba hapa. Hakuulizwa kama ataka au hataki. Alipofunguliwa hakupenda hata kuuona mpunga. Mimi mpunga huu umenisomeshea watoto. Basi, mwanangu, nitauachaje ukuta wake ubomoke?"

Karani akashuka, akainua baiskeli begani, akazunguka kwa miguu. Njiani alimkuta msimamizi wa zamu za maji, akampasha habari ya mahali palipovuja. Jumamosi iliyofuata hakuja na mkoba. Alikuja na jembe lililofungwa juu ya kariya ya baiskeli. Mzee hakumsifu. Alimwonyesha tu mahali pa kuanzia.

Habari hii yawahusu wengi siku hizi. Tangu Bwawa la Thiba lilipofunguliwa mwaka wa 2022, maji ya kulimia yameongezeka, na matumaini ya wakulima ya kuvuna mara mbili kwa mwaka yameongezeka pia. Ndivyo ilivyo vema. Lakini penye kazi nyingi kuna magurudumu mengi, na ukingo wa udongo haujui kusema kwamba umechoka.

Kwa hiyo apendaye kupanda baiskeli katika mashamba ya mpunga ashike mambo machache. Kwanza, aende wakati wa ukavu. Udongo mweusi ukilowa hujaa kati ya gurudumu na madigadi mpaka gurudumu lakataa kuzunguka, na hapo mtu huibeba baiskeli badala ya baiskeli kumbeba yeye. Pili, wakati wa mavuno awapishe wenye mizigo, wala asikanyage mpunga ulioanikwa juu ya maturubai kando ya njia, kwani ile ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Tatu, akiona joto asioge mferejini wala asitie miguu humo, kwa maana kichocho hukaa katika maji ya namna hiyo; achukue maji yake ya kunywa kutoka nyumbani. Nne, akiona panapovuja asipite kimya, bali amwambie mkulima wa kwanza atakayemkuta.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Katika Mwea mwenda pole hupata na faida nyingine: huona. Huona mlango wa maji ukifunguliwa kwa zamu, jaruba moja likijaa na la pili likingoja, na mtu wa mwisho katika mfereji amesimama na jembe lake akitazama kama maji yatamfikia.