Mizani ya Pamba Ina Mkaguzi, Hewa ya Bariadi Haina

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa mkoani Simiyu, maofisa wa Wakala wa Vipimo hupita kwenye vituo vya AMCOS kukagua mizani. Ni kazi njema na ya haki. Mkulima akipunjwa kilo mbili, ipo sheria ya kumtetea, yupo ofisa wa kumsikiliza, na mizani iliyochezewa huondolewa. Jioni mkulima huyohuyo anarudi nyumbani, anainama kuingia jikoni, na anavuta moshi ambao hakuna ofisa wa serikali anayefika kuupima. Dola yetu imejifunza kulinda kilo za pamba. Kifua cha aliyeilima bado hakimo katika hesabu zake.

Naomba nisieleweke vibaya. Simlaumu ofisa mazingira wa halmashauri. Ninayemtetea ni yeye, na ninalalamikia kile tulichoifanya kazi yake.

Miezi michache iliyopita nilipigiwa simu na kijana niliyemsimamia katika utafiti wake wa mwaka wa mwisho. Ameajiriwa kama Ofisa Mazingira Daraja la II katika halmashauri ambayo sitaitaja. "Shikamoo, Dokta," alianza, na baada ya salamu za nyumbani akanieleza siku zake zilivyo. Asubuhi hufuatilia gari la taka, ambalo mara nyingi halina mafuta. Mchana huandamana na mgambo kukusanya faini za usafi. Inapofika siku ya kitaifa inayohusu mazingira, huandaa miche, mahema na orodha ya wageni. Kwenye mfumo wa PEPMIS, ambako mtumishi hujaza kazi zake ili apimwe, hujaza idadi ya miti iliyopandwa na fedha zilizokusanywa. Nilimwuliza kuhusu hewa, maana ndiyo aliyoisomea kwa miaka mitatu na kuiandikia tasnifu. Akacheka kidogo. "Hewa haina kasma, Dokta," akanijibu.

Sentensi hiyo imenikosesha usingizi kuliko ripoti nyingi nilizosoma.

Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inatamka katika kifungu chake cha 4 kwamba kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyo inaitaka kila halmashauri iwe na ofisa wa usimamizi wa mazingira, na sekretarieti ya mkoa iwe na mtaalamu wake. Mwaka 2007 zikatungwa kanuni za viwango vya ubora wa hewa. Sheria tunayo, kanuni tunazo, wahitimu tunawazalisha kila mwaka Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam. Kinachokosekana ni kiungo kati ya haya yote: mtumishi wa umma ambaye kazi yake, tangu siku ya kuajiriwa hadi kustaafu, ni kujua watu wa mahali fulani wanavuta nini.

Kuna watakaosema Simiyu si Dar es Salaam, haina foleni za magari wala viwanda vikubwa, hivyo hewa yake ni safi. Huu ni uvivu wa kufikiri. Mkoa huu, uliozaliwa mwaka 2012 kutokana na Shinyanga na sehemu ya Mwanza, ulihesabiwa mwaka 2022 kuwa na watu 2,140,497. Wengi wao hupikia kuni, na kwa kuwa sehemu kubwa ya Usukumani imepoteza miti, hupikia pia mabua ya mtama na ya mahindi, samadi kavu, na miti ya pamba iliyong'olewa shambani. Fueli duni kama hizi hutoa moshi mzito kuliko kuni ngumu zilizokauka.

Nitulie kidogo kwenye miti ya pamba, maana ina kisa chake. Baada ya mavuno wakulima huagizwa kung'oa na kuchoma masalia ili kukata mzunguko wa wadudu, hasa funza mwekundu. Agizo lina msingi wa kisayansi na silipingi. Lakini maana yake ni kwamba katika majuma yaleyale ya kiangazi, mkoa mzima huwasha moto mashambani kwa amri halali. Sehemu ya miti hiyo haichomwi shambani, huishia jikoni. Pamba ni zao linalopuliziwa viuatilifu mara kadhaa kwa msimu. Je, moshi wa miti ile, ndani ya jiko lenye mlango mmoja na mtoto mgongoni, una mabaki ya dawa hizo? Una kiasi gani? Hili ni swali linaloweza kujibiwa, na wa kulijibu ni mwanasayansi wa serikali aliyepo Bariadi, si mgeni anayekuja kwa majuma mawili na kuondoka na sampuli zake. Mimi nimelelewa katika jiko la namna hiyo. Mama yangu alikohoa kila kiangazi, na sote tulisema ni vumbi.

Vumbi nalo lipo. Ongezeni na vinu vya kuchambulia pamba, ambako vibarua hufanya kazi ndani ya ukungu wa nyuzi na mavumbi. Madaktari wanaufahamu kwa muda mrefu ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi la pamba. Dalili yake maarufu ni kifua kubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, kisha kulegea kadiri juma linavyoendelea, hata mgonjwa akadhani amepona. Uingereza ilianza kuwalipa fidia wafanyakazi wa viwanda vyake vya pamba kwa ugonjwa huu katika karne iliyopita, na walilipwa kwa sababu kulikuwa na watu waliopima vumbi na kusikiliza mapafu kwa miaka mingi.

Shirika la Afya Duniani liliimarisha mwongozo wake mwaka 2021. Wastani wa mwaka wa chembechembe laini, zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Majiko ya kuni yaliyopimwa katika nchi mbalimbali yamekutwa na mamia ya mikrogramu. Viongozi wetu wenyewe wamekuwa wakitaja vifo vipatavyo 33,000 kwa mwaka nchini vinavyohusishwa na moshi wa kupikia. Kati ya hao, wangapi ni wa Maswa? Wangapi ni wa Meatu, Itilima, Busega? Makadirio ya kitaifa hujengwa kwa modeli, na modeli huziba kwa hesabu mahali ambapo vipimo havipo. Sisi ndio tulioziacha nafasi hizo wazi.

Sasa nifike kwenye kiini, ambacho hata wanaharakati wenzangu hukiruka. Wao hudhani tatizo ni vifaa. Tuleteeni sensa, wanasema, tutajua. Sensa ndogo za kisasa ni nafuu kweli. Bei yake haikaribii hata kidogo bei ya gari moja la ofisi. Lakini sensa hizo huhesabu chembe kwa mwanga, na hudanganywa na unyevu wa masika pamoja na aina ya vumbi. Ni lazima zihakikiwe dhidi ya kituo cha rejea, zisafishwe, data zake zichujwe, na anayezichuja ajue kwamba kilele cha saa kumi na mbili jioni ni moto wa ugali, na kilele cha Agosti ni mashamba. Kijana wangu aliazima kifaa cha chuo kwa majuma matatu na kukiweka jikoni kwa majirani zake. Namba zake ninazo. Sitazichapisha hapa, kwa sababu kifaa hakikuwahi kuhakikiwa kando ya kituo cha rejea, na mtu yeyote mwenye nia mbaya angezibomoa kwa swali moja.

Mfululizo wa data wa miaka kumi unahitaji mtu wa miaka kumi. Hakuna njia ya mkato. Ndiyo maana nasema hili ni suala la ajira na muundo wa utumishi kabla halijawa suala la ununuzi. Ofisa mazingira wa leo akitaka kupanda ni lazima aelekee kwenye ukuu wa idara, yaani aache kupima na aanze kusaini. Anayebaki na vipimo vyake huonekana ameshindwa maisha. Na mwenye bidii akishaanza kuielewa hewa ya mahali, huhamishwa.

Kwamba dola yetu haiwezi kitu kama hicho, sikubali, kwa maana imekwisha kukifanya, tena hapahapa. Ukiriguru, ng'ambo ya mpaka wa mkoa, imetafiti pamba kwa vizazi kadhaa. Mbegu za UK91 na UKM08 zinabeba jina lake. Tunajua zaidi kuhusu urefu wa nyuzi za pamba kuliko kuhusu pumzi ya aliyeichuma. Na HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado chini ya Shinyanga, ulidumu hadi 2004. Miaka 18! Wataalamu walikaa, wakajifunza kwa wazee maana ya ngitili, wakahesabu, wakarudi kuhesabu tena. Ngitili zilizokuwa zimesalia hekta mia chache zikafufuliwa hadi zaidi ya hekta 300,000, na dunia inazijua namba hizo kwa sababu walikuwapo watumishi waliozitunza. Walikuwa na kasma.

Nitaambiwa maji kwanza. Naafiki kwamba maji ni uhai, na nilifurahi Mfuko wa Kijani wa Tabianchi ulipoidhinisha mwaka 2017 zaidi ya yuro milioni 100 kwa ajili ya mradi wa Simiyu, ambao sehemu yake kubwa ni kuleta maji ya Ziwa Viktoria. Ila mtu hunywa lita chache kwa siku na huvuta maelfu ya lita za hewa. Maji machafu anaweza kuyachemsha. Hewa haichemshwi.

Nitaambiwa pia kwamba nishati safi inakuja na itamaliza yote. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Ni lengo kubwa na la heshima. Lakini tunahesabu nini njiani? Tunahesabu mitungi ya gesi iliyogawiwa, na tunapiga picha. Mtungi ukiisha na fedha ya kuujaza ikakosekana, mafiga yanarudi, na mtungi unabaki pembeni ukiwa bado umo katika takwimu. Anayeweza kutuambia kama moshi umepungua ni yule anayeupima jikoni mwaka huu na mwaka ujao. Tumeweka lengo la miaka kumi bila kuajiri wa kulisomea.

Majirani wametutangulia. Mjini Kampala, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umebuni sensa zake tangu 2015 na kuzieneza hata nje ya Uganda. Wapo waliotegemea namba za balozi za Marekani zilizokuwa zikipima hewa katika miji mbalimbali ya dunia. Machi 2025 Washington ikaacha kuzitangaza kwa umma, na waliozitegemea wakabaki gizani. Anayeazima macho ya jirani asishangae jirani akiyafumba.

Ninyi mlio katika halmashauri za Simiyu, na mnanisoma, nawaomba jambo moja dogo kabla bajeti haijafungwa. Fungueni kifungu cha mazingira. Tafuteni mstari mmoja unaotaja upimaji wa hewa. Usipokuwapo, uandikeni, hata kwa kiasi cha posho za kikao kimoja, na kando yake andikeni jina la cheo cha mtumishi mmoja ambaye hatahamishwa wala kupewa gari la taka. Na wenzetu wa utumishi wa umma waanze kuandika ngazi ya kitaalamu inayomruhusu mpimaji kupanda daraja huku akiendelea kupima, kama watafiti wa kilimo wanavyopanda.

Kijana wangu amepata nafasi nje ya nchi, katika kazi ileile aliyosomeshwa kwa mkopo wa Watanzania. Ameniomba barua ya mapendekezo. Nimeiandika jana usiku, na ni nzuri, kwa sababu kila neno ndani yake ni kweli.